Akikua Litanyooka?

Hapa kwetu Manono, Kongo, mtoto akiwa na kengeza, jicho likavutika kuelekea pua, jibu la ukoo ni moja: mwacheni, akikua litanyooka. Leo nabishana na jibu hilo.

Kweli, macho ya mtoto wa miezi miwili, mitatu, huyumbayumba, kisha hutulia. Wapo pia wasio na kengeza kabisa: mzizi wa pua bado ni mpana, ngozi ya konani imefunika weupe wa jicho, nasi tunadhani macho yamesogeleana. Ili kujua, washa tochi ya simu, mmulike mtoto kwa kitambo kidogo toka umbali wa mkono. Nukta ya mwanga ikikaa katikati ya mboni zote mbili, tulia. Ikiwa katikati kwa jicho moja na pembeni kwa jingine, na mtoto amepita miezi minne, usingoje tena.

Makengeza ya ndani si ya namna moja. Kuna yale yanayoanza kabla ya miezi sita, jicho limeingia sana. Hayo mara nyingi huhitaji upasuaji. Mengine huja mtoto akiwa na miaka miwili au mitatu. Huyo haoni vizuri vitu vya karibu, basi hukaza macho ili aone, na kule kukaza ndiko kunakoyavuta ndani. Miwani peke yake yaweza kuyanyoosha. Huyu ndiye anayeniuma zaidi: mtoto wa kuvalishwa miwani tu, tunamtia maji ya majani machoni!

Tena jicho lililoacha kuona hupotea njia, kama lile lenye kovu la surua. Mlipuko wa surua wa 2019 tunaukumbuka wote, na kwa sababu ya makovu hayo chanjo na vitamini A ni habari ya macho pia. Na jicho likigeuka ghafla pamoja na homa, kichwa kuuma au kutapika, ni hospitali siku hiyo hiyo. Mboni ikionyesha weupe, vilevile usilale: yaweza kuwa saratani.

Sasa, kwa nini tusingoje? Kwa sababu ubongo haungoji. Ukiletewa picha mbili zisizolingana, ubongo wa mtoto huitupa moja. Jicho lenyewe ni zima, ila ubongo umezoea kutolisikiliza. Hilo ndilo jicho vivu, na kadiri mtoto anavyopita miaka saba, minane, kuliamsha kunazidi kuwa kugumu. Upasuaji hunyoosha jicho. Uoni haurudishi peke yake.

Dawa yake ni ya zamani. Mfaransa Buffon alishauri mwaka 1743 jicho zuri lifunikwe ili lile vivu lifanye kazi. Watafiti wa Marekani wameonyesha kwamba kwa uvivu wa kadiri, kufunika saa mbili kwa siku husaidia sawa na saa sita. Lakini usianze kufunika nyumbani kabla jicho halijapimwa.

Cha kufanya nyumbani ni kipimo hiki tu. Mtoto akicheza, mzibe jicho moja kwa kiganja, halafu jingine. Ukiziba la kushoto akaendelea kucheza, ukiziba la kulia akalia na kuusukuma mkono wako, basi anategemea la kulia. La kushoto halimsaidii.

Najua, kufika Lubumbashi kwa madaktari wa macho si mchezo, hasa barabara zikijaa maji. Wengine mtauza mbuzi ili mpate nauli. Ndiyo maana naomba tuanzie siku ya kupima kilo. Mama, mtoto akishatoka kwenye mizani, mwambie muuguzi ammulike macho. Akiona kengeza, aandike kwenye fishi ya mtoto ni jicho lipi na lilianza mtoto akiwa na miezi mingapi, kwa sababu daktari atauliza hilo kwanza, na pengine atakayempeleka mtoto ni mjomba asiyejua.