Mvua Isiyopimwa

Jioni hii twasema juu ya mvua ya mahali pasipo chombo cha kuipimia. Desturi ya wapimaji ni kutwaa vipimo vya jirani na kukisia cha katikati, kilicho karibu kikipewa uzito zaidi. Katika nchi tambarare yafaa. Lakini tuutazame Kilimanjaro, mita 5,895. Msituni upande wa kusini, mvua ya mwaka hupita milimita 2,000. Kaskazini ni haba. Mstari ulionyooka kati ya pande hizo hupita ndani ya mwamba, nayo mvua haipiti humo! Mkulima wa kaskazini akiamini makisio hayo, mbegu zake zitakauka. Yatupasa kwanza tuhesabu mwinuko, na kama shamba laelekea pepo za mvua ama limezipa mgongo.