Akili ya Kuchambua na Kazi Ziitegemeazo

(Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Wanachama, Kutus)



Halmashauri iliponiandikia barua kuniomba niseme mbele yenu, iliniagiza nizungumze juu ya uchambuzi wa mambo, na juu ya kazi ambazo kijana hawezi kuzifanya pasipo akili hiyo. Agizo hilo lilinisumbua kidogo, maana vijana wetu hulitaja neno uchambuzi kana kwamba lililetwa juzi pamoja na kompyuta, na wazee nao wakilisikia hudhani kwamba haliwahusu. Lakini neno hilo asili yake ni kazi ya mikono. Mwenye pamba huichambua ili atoe mbegu. Watu wa Unguja na Pemba huchambua karafuu ili wazitenge na vikonyo vyake. Na sisi wa huku chini ya Mlima Kenya, kila msimu, humwaga matunda ya kahawa juu ya turubai pale kiwandani, tukaketi, tukatenga yaliyo mabichi, yaliyokauka mtini na yaliyoharibiwa na ugonjwa, kabla ya kuyapeleka mizanini. Kwa hiyo hakuna mtu katika mkutano huu asiyejua kuchambua. Nitakalo kuonyesha ni kwamba kazi ile ile huendelea baada ya sisi kurudi nyumbani, ikifanywa na watu tusiowaona, na kwamba watu hao ndio waamuao thamani ya jasho letu.

Tuifuate kahawa yenyewe. Jioni ile ile matunda humenywa kwa mashine. Kahawa hulazwa tangini hata ute wake ulainike. Kisha huoshwa katika mfereji, na hapo maji yenyewe huchambua, kwa kuwa nzito huzama na nyepesi huchukuliwa. Baada ya hapo huanikwa mezani mpaka unyevu wake ushuke kufikia kiasi cha sehemu 11 katika 100. Unyevu ukizidi, kahawa itaota ukungu ghalani. Ukipungua mno, itavunjika kinuni. Zamani mtu aliiuma kwa meno akasema imekauka. Siku hizi kuna kipimo, na lazima awepo mtu ajuaye kukisoma na kukitilia shaka kinapokosea. Kinuni maganda huondolewa, na kahawa safi hupitishwa katika chekeche zenye matundu ya ukubwa mbalimbali. Zile kubwa, zisizopita katika tundu la kama milimita 7, huitwa AA. Zizifuatazo ni AB. Zile za mviringo, zilizokua moja moja ndani ya tunda, ni PB. Kisha huja C, TT na T.

Wakulima wengi huishia hapo, wakiamini kwamba AA ni jina la ubora. Sivyo. AA ni jina la ukubwa. Ubora hujulikana kwa mwonjaji. Yeye huletewa sampuli, akaikaanga kidogo, akaisaga, akamimina maji ya moto katika vikombe vilivyopangwa safu. Hungoja, huuvunja utando ulio juu kwa kijiko huku pua yake ikikaribia kuingia kikombeni, kisha huivuta kahawa mdomoni kwa kishindo hata mtu aliye chumba cha pili akasikia, na mwisho huitema. Nyumbani kwetu mtoto afanyaye hivyo mezani angepigwa kofi. Lakini mtu huyu hulipwa mshahara kwa kufanya hivyo, na astahili. Pengine hajawahi kukanyaga Kutus, lakini kwa kuonja tu aweza kusema kwamba kahawa hii ilikaa tangini kupita kiasi, au ilioshwa kwa maji yaliyochafuka, au ilinyeshewa ikiwa mezani. Ameanza na ladha iliyo mdomoni akarudi nyuma mpaka kwenye kosa lililotendeka siku nyingi kabla. Ndiyo maana magunia mawili ya AA, yaliyotoka viwanda viwili vya mto mmoja, huweza kupishana sana kwa bei katika Soko la Kahawa la Nairobi.

Nawauliza, wazazi wenzangu: ni wangapi kati yetu tuliomwambia mtoto kwamba kazi hiyo ipo? Twawatajia udaktari, ualimu na uwakili, na kahawa twamwachia babu.

Sasa nije kwenye hesabu. Ili kupata kilo 1 ya kahawa safi huhitajiwa kilo 6 hadi 7 za matunda mabivu. Kila mwanachama na aishike hesabu hii kama ashikavyo tarehe ya kulipa karo. Tuseme kiwanda kimepokea kilo 700,000 za matunda kwa mwaka. Mtu mwenye kipande cha kalamu aweza kujua, kabla hata mkutano haujafunguliwa, kwamba kahawa safi yapasa kuwa kati ya kilo 100,000 na kilo 116,000 hivi. Ikiwa taarifa yasomwa kwamba ni kilo 84,000, basi mwanachama ana haki ya kusimama na kuuliza. Huenda mvua ilikosa na punje nyingi zikawa nyepesi. Huenda matunda mengi yalikuwa na ugonjwa. Huenda mizani ina hitilafu. Na huenda likawa jambo jingine. Hesabu haimtaji mtu yeyote. Huonyesha tu mahali pa kuulizia. Sheria ya Vyama vya Ushirika yataka hesabu zikaguliwe kila mwaka na kuletwa mbele ya wanachama. Lakini mkaguzi akisoma karatasi yake mbele ya watu wanaosinzia wakingoja soda, sheria hiyo imefaa nini?

Nitatoa kisa kimoja. Nilipokuwa mtoto wa shule, katika ujirani wetu alikuwapo mama mmoja, mjane, aliyesoma mpaka darasa la nne tu. Chama chake cha ushirika sitakitaja. Mwaka mmoja aliona malipo yake ni madogo. Baadhi ya jirani walimwambia amwachie Mungu, wengine walimwambia, "Hao ni wezi, twende tukavunje ofisi." Yeye hakufanya hili wala lile. Alikuwa na kopo ambamo alitia kila risiti aliyopewa mizanini. Aliniita nimsomee risiti moja moja, na kila tulipotimiza kilo 10 aliweka punje moja ya maharagwe juu ya meza. Kazi hiyo ilitushika jioni mbili, maana risiti nyingine zilikuwa zimelowa. Jumla yetu ilikuwa kilo 1,312, na karatasi ya malipo ilisema 1,132.

Miaka mingi baadaye nilijifunza kwamba makarani wa hesabu wana kanuni yao: tofauti ya jumla mbili ikigawanyika kwa 9 bila baki, tafuta kwanza tarakimu mbili zilizobadilishana mahali. Tofauti yetu ilikuwa 180, nayo yagawanyika kwa 9. Mama yule hakujua kanuni hiyo, lakini alifika ofisini na kopo lake, akaomba daftari lifunguliwe mbele yake, na kosa likaonekana: karani, mwisho wa siku ndefu, alikuwa ameandika 1 mahali pa 3 na 3 mahali pa 1. Alilipwa kilo zake 180. Hakuna aliyeitwa mwizi, wala hakuna mlango uliovunjwa. Lakini nimekuwa nikijiuliza tangu siku ile ni wangapi walioandikwa na mkono ule ule uliochoka, nao hawakuwa na kopo.

Tusidhani kwamba makosa ya kupima ni ya makarani wadogo tu. Wazee wanakumbuka, au walisimuliwa na baba zao, habari za kuunganishwa kwa mashamba katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari. Vipande vya kila mtu vilipimwa, vikajumlishwa, ikatolewa sehemu kwa ajili ya barabara, shule na masoko, kisha mtu akapewa shamba moja mahali pamoja. Kazi hiyo ilikuwa na mtihani wake ulio wazi: jumla ya vipande vya watu wote lazima ilingane na ukubwa wa ardhi yenyewe. Kwa jirani zetu wa Murang'a, wilaya iliyoitwa Fort Hall wakati huo, ilionekana baadaye kwamba sehemu kubwa ya kazi ile ilikuwa na makosa na upendeleo, na ikabidi kupimwa upya. Watu wengi wenye haki zao walikuwa vizuizini, hawakuweza kusimama mbele ya kamati. Hapo twaona kwamba kipimo pasipo mtu wa pili wa kukihakiki, na pasipo mwenye mali kuwapo, chaweza kumnyima mtu urithi wake kwa kalamu.

Tena, kuna ugonjwa mmoja wa fikira ulio wetu sote: kupenda jibu moja. Ukiuliza kwa nini watu wameng'oa kahawa, utaambiwa, "Ni wizi." Wizi umekuwapo, sikatai. Lakini mwaka wa 1989 mapatano ya mataifa yaliyokuwa yakigawa viwango vya kuuza kahawa duniani yalivunjika, na bei ikaanguka kila mahali, hata kwa wale wasioibiwa. Zaidi ya hayo, bei ya mbolea na dawa ilipanda, na watoto waligawana mashamba yakawa vipande vidogo. Nchi nzima ilitoa karibu tani 130,000 katika msimu wa 1987/88, nayo haijapata kukaribia kiasi hicho katika miaka ya karibuni. Mtu anayetafuta dawa ya wizi peke yake ataacha sababu nyingine zikiendelea kumla.

Kazi nyingine za kuchambua zahitaji subira kupita tunavyodhani. Ugonjwa wa matunda ya kahawa, ule tuuitao CBD, ulionekana katika Kenya mwaka wa 1922. Kahawa ya Ruiru 11, iliyozalishwa kule Ruiru ili iustahimili, ilitolewa kwa wakulima mwaka wa 1985, na Batian, iliyopewa jina la kilele kirefu kuliko vyote cha mlima wetu, ikatolewa mwaka wa 2010. Hesabuni miaka hiyo. Katikati yake walikuwapo watu waliopanda miche, wakaiambukiza ugonjwa kwa makusudi, wakahesabu iliyokufa na iliyopona, wakaandika, wakaanza tena. Na mche ulipopona, mwonjaji naye alikuwa na neno lake juu ya ladha. Ubishi huo kuhusu Ruiru 11 nadhani nyote mmeusikia.

Kazi nyingine nitazipitia upesi. Fundi wa maabara hospitalini hutazama damu, na daktari hungoja neno lake kabla ya kuandika dawa. Mhandisi wa maji kule Mwea, tangu Bwawa la Thiba lilipokamilika mwaka wa 2022, hana budi kujua ni maji kiasi gani yafikie shamba la mwisho la mpunga, wala si lile la kwanza tu. Mtakwimu huyapa makampuni ya bima makadirio ya hasara. Hakimu husikiliza mashahidi watatu walioona jambo moja kwa namna tatu. Mhasibu mmemwona tayari. Mitihani yake husimamiwa na KASNEB, iliyoanzishwa mwaka wa 1969, na kijana aweza kuifanya huku akifanya kazi.

Wazazi wenye watoto wanaoingia sekondari ya juu wanajua kwamba sasa kuna njia tatu: ya sayansi na hesabu, ya sayansi ya jamii, na ya sanaa na michezo. Nimesikia ikisemwa hapa Kutus kwamba njia ya kwanza ni ya wenye akili na nyingine ni za waliosalia. Hakimu niliyemtaja hakutoka katika njia ya kwanza. Mtoto atazamwe anavyouliza maswali. Yule anayekusumbua nyumbani kwa "kwa nini?" na "umejuaje?", ambaye labda twamwita mbishi, usimnyamazishe, hicho ndicho kipawa ambacho kazi hizi zote zatafuta. Na asiende mbali kutafuta elimu akidhani huku hakuna kitu. Chuo Kikuu cha Kirinyaga, kilichopata hati yake mwaka wa 2016, kiko hapa hapa mlangoni petu.

Bwana Mwenyekiti, nina maombi mawili, na nitakaa. La kwanza ni kwamba katika msaada wa karo utolewao na Chama, Halmashauri itenge sehemu kwa ajili ya kijana atakayesomea hesabu na ukaguzi, au kazi ya maabara, au uonjaji wa kahawa, na kwamba kijana huyo, akirudi likizo, aisome taarifa ya fedha ya Chama hiki pamoja na wazee wawili kabla haijapigwa chapa. Nasema Chama hiki, sisemi vya wengine tu. Mweka Hazina ananitazama, lakini najua hataogopa.

La pili ni juu ya risiti. Naomba siku moja ya Jumamosi, kabla ya malipo kutoka, tukutane ukumbini na watoto wetu wa sekondari, kila mtoto akae na mzee mmoja, wajumlishe risiti za msimu uliopita na kulinganisha na karatasi ya malipo. Mimi nitaleta maharagwe kwa wasiopenda kalamu. Mwenye risiti na azilete zote, hata zilizolowa, hata zilizotafunwa na mende, mradi namba isomeke.