Pima Kwanza, Fungua Baadaye: Matunzo ya Shokapu ya Nyuma ya Baiskeli ya Milimani



Mwezi Oktoba 1976, vijana wa mji wa Fairfax, jimboni California, Marekani, walianza kushindana kuteremka mlima kwa baiskeli nzito za kizamani, zile zenye breki ya kukanyaga kinyume. Kila walipofika chini, habu ya nyuma ilikuwa imepata moto mpaka grisi yote imeungua na kutoa moshi. Ilibidi ifunguliwe na kupakwa grisi mpya ndipo wapande tena. Mashindano yale yakaitwa Repack, yaani kupaka upya. Wengi huyahesabu kuwa chimbuko mojawapo la mchezo wa baiskeli za milimani, nami nayataja kwa sababu jina lenyewe limetoka kwenye meza ya fundi. Waliokuwa wakiteremka ndio hao hao waliofungua, wakasafisha na kufunga. Leo mwendeshaji hafungui tena kitu, na kazi ile imetuangukia sisi mafundi.

Baiskeli zenye shokapu ya nyuma tunazoletewa hapa Moshi, Arusha na Lushoto ni za waongoza watalii, za wageni wenyewe, na nyingine zimeingia kama mitumba. Mteja akifika, neno lake huwa moja: "Fundi, shokapu imekufa." Hoja yangu leo ni kwamba nyingi katika hizo hazijafa. Hazijapimwa tu. Na zilizokufa kweli, nyingi zimeuawa na vumbi, au na mkono wa fundi aliyefungua kabla ya kupima.

Kilichomo ndani

Shokapu ya upepo ni vitu viwili ndani ya gamba moja. Kuna springi, ambayo hapa ni upepo ulioshindiliwa ndani ya kopo. Na kuna breki ya hiyo springi, ambayo ni mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye matundu madogo. Bila springi gurudumu halirudi. Bila breki ya mafuta linarudi kama mpira uliodundwa sakafuni, na mwendeshaji hutupwa mbele.

Kopo la upepo nalo lina vyumba viwili. Cha juu kinaibeba baiskeli na mtu wake. Cha chini kinasukuma kinyume ili shokapu ianze kubonyea kwa ulaini. Upepo huhama kati ya vyumba hivi kwa njia ndogo sana, na hupita tu shokapu ikibonyezwa hadi mahali fulani. Ndiyo maana ukijaza upepo na usibonyeze, kipimo chako ni cha uongo. Jaza kidogo, bonyeza taratibu mara kumi au zaidi, kisha soma geji tena. Nimeona mafundi wazuri wakilaumu sili kwa kosa la hatua hii moja.

Mahali pengine tunapodanganyika ni pampu. Tumia pampu ya shokapu, yenye geji ya kufika psi 300 na mpira mwembamba. Kompresa ya kituo cha mafuta haifai: kiasi cha upepo ndani ya shokapu ni kidogo mno, na nguvu inayotakiwa mara nyingi ni kubwa kuliko ya tairi la gari. Unapofunga pampu kwenye valvu, sehemu ya upepo wa shokapu hukimbilia kwenye mpira wa pampu, na geji husoma chini ya ulichoacha jana. Huko si kuvuja. Na ule mlio wa "pss" unapofungua pampu, kwa kawaida ni upepo wa mpira wa pampu, si wa shokapu. Mteja akiusikia anaruka. Mweleze kwa upole.

Kupima

Kipimo mama ni kile ninachokiita mdidimio: shokapu inashuka milimita ngapi mwendeshaji anapokaa tu, bila kuruka wala kukanyaga. Kwa baiskeli nyingi za njia za milimani, mdidimio mzuri ni kati ya asilimia 25 na 30 ya urefu wa mwendo wa shafti. Tuchukue shokapu iliyoandikwa 210 kwa 55. Milimita 210 ni urefu kutoka tundu la bolti hadi tundu la bolti. 55 ndio mwendo wa shafti. Asilimia 30 ya 55 ni milimita 16.5. Kama gurudumu la baiskeli hiyo husafiri milimita 140, basi kila milimita moja kwenye shokapu ni karibu milimita mbili na nusu kwenye gurudumu. Ukikosea milimita tatu hapa juu, umekosea zaidi ya saba kule chini. Kwa hiyo tumia rula, usitumie jicho.

Mpime mteja kama anavyopanda. Mwongoza watalii hubeba lita tatu za maji, spana, mpira wa akiba na koti la mvua. Mpime na begi lake mgongoni. Weka swichi ya kufunga shokapu mahali pa wazi. Mwegemeze ukutani, akae, asukume ile ringi ndogo ya mpira iliyo kwenye shafti mpaka iguse kopo, kisha ashuke polepole bila kubonyeza. Pima umbali ambao ringi imesogea. Pa kuanzia kujaza, mafundi wengi hutumia hesabu rahisi: uzito wa mtu kwa ratili uwe ndio psi. Mtu wa kilo 75 ni ratili 165, basi anza na psi 165, upime, uongeze au upunguze. Hapo ni mwanzo tu. Fremu mbili za watu wenye uzito ule ule zinaweza kupishana sana.

Mteja akilalamika kwamba shokapu inagonga mwisho wakati mdidimio uko sawa, usimwongezee upepo. Utampa baiskeli ngumu kama mkokoteni. Ndani ya makopo mengi kuna nafasi ya vipande vya plastiki vya kupunguza ujazo. Ukiongeza kimoja, mwanzo wa mwendo unabaki laini na mwisho unakuwa mgumu.

Baada ya mdidimio ndipo uje kwenye mrejeo, yaani kasi ya shafti kurudi. Kifundo chake kwa kawaida ni chekundu, na kwenye shokapu nyingi za RockShox kimechorwa kobe upande mmoja na sungura upande wa pili. Watoto wetu wote wanajua nani ni nani. Funga kifundo mpaka mwisho wa kobe, kisha hesabu mibofyo unapofungua. Jaribio langu ni ukingo wa barabara: mteja ateremke akiwa amekaa, na baiskeli ipande mara moja, itulie. Ikipanda na kushuka mara mbili au tatu, ina usungura mwingi. Ikizidi ukobe, hutaliona tatizo ukingoni. Utaliona kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi mawimbi, pale shokapu haipati muda wa kurudi kabla ya pigo linalofuata, inazama kidogo kidogo, na mwisho mtu anahisi hana shokapu kabisa. Hapo ndipo husema imekufa. Na ukibadilisha upepo, rudia kupima mrejeo, kwa kuwa springi yenye nguvu zaidi inahitaji breki zaidi.

Mlimani kuna jambo la hali ya hewa. Shokapu yenye psi 200 kwenye nyuzi 20, ikipata joto la nyuzi 40 kwa mteremko mrefu, hupanda karibu psi 15. Usipime shokapu ya moto. Kinyume chake, baiskeli iliyopimwa Moshi kwa psi hizo hizo 200 kwenye joto la nyuzi 25 ikifika kituo cha Horombo mlimani Kilimanjaro, mita 3,720, asubuhi ya nyuzi 5, baridi huipunguzia kama psi 14, wakati hewa nyepesi ya juu huirudishia takriban psi 4 tu kwenye geji. Mwongoza watalii anayepanda kwa baiskeli njia ya Kilema ataiona laini, na atakuwa sahihi. Mpe pampu aende nayo.

Kufungua

Watengenezaji hutoa ratiba kwa saa za kupanda. RockShox wanataka kopo la upepo lisafishwe kila baada ya saa 50. Fox wanataka shokapu ihudumiwe kila saa 125 au mara moja kwa mwaka. Wateja wakisikia hivyo hudhani ni mwaka mzima. Mwongoza watalii anayepanda saa nne kwa siku, siku tano kwa wiki, anamaliza saa 50 ndani ya wiki mbili na nusu. Nayo ni katika vumbi laini la udongo wa volkano, ambalo likiingia kwenye sili ya nje hufanya kazi ya msasa juu ya shafti kila inapopanda na kushuka. Mkwaruzo mmoja unaosikika kwa kucha unatosha kuvujisha upepo maisha yote ya shafti hiyo, na shafti ni ghali kuliko sili zote kwa pamoja.

Kabla hujafungua, toa shokapu kwenye fremu na uioshe kwa maji ya sabuni na brashi laini. Mashine za kuoshea magari kwa maji ya nguvu zisielekezwe kwenye sili. Zinasukuma uchafu ndani. Kisha toa upepo taratibu sana, huku ukibonyeza shokapu na kuiachia, ili chumba cha chini nacho kipate kutoa cha kwake.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Ukitoa upepo kwa pupa, au sili ya ndani ikiwa imeharibika, upepo hunaswa chumba cha chini na shokapu huzama, haitaki kurefuka. Shokapu ya namna hiyo imebeba nguvu usiyoiona. Nikiwa na miaka miwili tu kazini niliifungua moja kwa nguvu, nikidhani imeshikwa na kutu. Kopo lilichomoka, likapita karibu na sikio la mwenzangu na kukunja bati la paa. Mpaka leo nikimwona namshukuru Mungu. Shokapu iliyozama isifunguliwe na fundi yeyote asiye na mafunzo na vifaa vya mtengenezaji. Ifungie karatasi iliyoandikwa HATARI, iweke kando, mweleze mteja, na ipelekwe kwa mwenye vifaa hivyo.

Shokapu iliyotoka upepo vizuri hufunguka kwa mkono au kwa mkanda wa mpira. Pitisha tambara nene kwenye tundu la bolti, lizuie kopo lisiruke hata kama una hakika kwamba ni tupu. Ng'oa sili kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa au cha plastiki. Bisibisi ni marufuku. Futa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Msitumie petroli, na msiguse mafuta ya breki ya gari, kwani huzivimbisha sili hizi za mpira mpaka zikwame. Sili mpya ziwe za modeli ile ile. Pakeni grisi ya shokapu kwa ukoko mwembamba, na mafuta ndani ya kopo yawe mililita chache kwa kipimo cha mtengenezaji. Yakizidi hayalainishi zaidi. Yanaiba nafasi ya upepo.

Bushi za kwenye matundu ya bolti zinasahauliwa mno. Shika kiti, inua baiskeli kidogo na ushushe, kidole kikiwa kwenye kiungo. Ukihisi kugonga, bushi imeliwa. Mteja wa namna hiyo amekwisha kununua sili mara mbili bila faida.

Kopo la upepo ni letu. Chumba cha mafuta, hasa chenye naitrojeni nyuma ya pistoni inayoelea, si letu kwa vifaa tulivyonavyo hapa. Naitrojeni ile imeshindiliwa kwa mamia ya psi, na kuirudisha kunahitaji mtungi na sindano maalumu. Ukiona mafuta kwenye shafti, au ukisikia mlio kama wa kunyonya kila inaporudi, andika, funga, mwambie mteja ukweli. Fundi anayesema "hii siwezi hapa" hajapoteza mteja.

Naomba kila mmoja wetu afungue daftari la shokapu: modeli, saizi, uzito wa mtu na begi lake, psi, mdidimio kwa milimita, mibofyo ya mrejeo, na tarehe. Baada ya chai tutafungua makopo matatu ya zamani yaliyoko kwenye meza ile. La nne, lenye karatasi nyekundu, limezama; naomba asiliguse mtu.