Tairi Linaposugua Shokapu ya Nyuma: Vipimo Kabla ya Spesa

Mada kwa semina ya mafundi wa gereji

Tairi, rimu, springi, shokapu na bushi ni vitu ambavyo kila mshiriki wa semina hii anavishika kila siku, kwa hiyo mada haitakawia hapo. Itoshe kukumbusha kwamba 185/65R15 ubavuni mwa tairi ni upana wa milimita 185, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 15. Herufi ET kwenye rimu, pamoja na namba inayozifuata, zinaeleza uso unaobana habu uko milimita ngapi kutoka katikati ya upana wa rimu. Namba ikipanda, gurudumu linaingia ndani kuelekea shokapu. Ikishuka, linatoka nje kuelekea madigadi.

Waandaaji waliomba mada ihusu mfumo mzima wa nyuma. Sehemu kubwa, hata hivyo, itakwenda kwa kosa moja ambalo mtoa mada amelipiga vita kwa miaka: kubadilisha springi ili kuponya tairi linalosugua shokapu.

Toyota Corolla 110 ndiyo mfano wake. Gari hili halina ekseli nzima nyuma. Kila gurudumu lina shokapu yake iliyovishwa springi, na chini shokapu hiyo imefungwa kwa bolti mbili kwenye kipande kinachobeba habu. Tairi likipanda tuta, bomba la shokapu linapanda nalo, kama mguu na kiatu chake. Kwa hiyo nafasi kati ya ubavu wa ndani wa tairi na bomba hilo haibadiliki, gari liwe tupu au limejaa abiria.

Hapo ndipo penye ugomvi. Mteja analeta gari linalolia nyuma. Fundi anaona springi zimechoka, anaweka mpya au anaongeza raba za kuinua gari. Gari linainuka kweli, lakini mlio unabaki, kwa sababu kuinua bodi hakulisogezi tairi mbali na shokapu hata milimita moja. Mteja ameshalipa, na wiki ya pili anarudi. Mtoa mada amepokea magari yaliyokwisha kubadilishwa springi mara mbili, na chini yake yamevaa rimu za magari mengine.

Rimu za Corolla hiyo zina matundu manne kwenye duara la milimita 100. Honda Fit na Mazda Demio zina duara hilo hilo. Ndiyo maana rimu za mtumba zinahama kirahisi kutoka gari hadi gari: nati zinaingia, zinakaza, kila mtu anaridhika. Lakini nati kuingia hakusemi lolote kuhusu ET wala upana. Rimu ya inchi 6 ikibadilishwa kwa ya inchi 7 yenye ET ile ile, ukingo wa ndani unasogea karibu milimita 13. Tairi likitoka 185 hadi 205, ubavu wa ndani unasogea kama milimita 10. Kwenye nafasi inayoingia kidole kimoja, hizo ni nyingi mno.

Wengine wanakimbilia spesa. Mlio unakoma, na hatari inaanza. Stadi za Toyota ndogo zina unene wa milimita 12, na kila mzunguko wa nati ni milimita 1.5. Nati inapaswa kushika uzi kwa urefu usiopungua unene wa stadi, yaani mizunguko 8. Spesa ya milimita 5 inakula mizunguko zaidi ya mitatu. Gari lililobaki na mizunguko minne au mitano linabeba watoto kwenda shule!

Uchunguzi wenyewe ni mfupi. Gari likae chini kwa uzito wake, lisiwe juu ya jeki, na nafasi ipimwe pande zote mbili. Chaki ipakwe ubavu wa ndani wa tairi, gari liendeshwe kidogo, kisha alama isomwe. Mkwaruzo wa duara zima unaonyesha tairi linagusa muda wote. Mkwaruzo wa sehemu moja unaelekeza kwenye uvimbe wa tairi au rimu iliyopinda. Halafu magurudumu ya nyuma yabadilishane pande. Mlio ukihama, kosa liko kwenye gurudumu. Ukibaki palepale, itazamwe shokapu iliyopinda, beringi iliyolegea, au zile bolti mbili zilizoteleza zikalaza kichwa cha tairi ndani. Pande zote mbili zikilia, saizi ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Kwa Hilux na wenzake wenye ekseli nzima, uzito unahusika kweli. Pia bolti ya katikati ya springi ikikatika, ekseli inahama. Umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma upimwe kulia na kushoto.

Mapendekezo. Mada hailaumu gereji yoyote, wala haipingi biashara ya rimu za mtumba, ambayo ni riziki ya wengi. Inapendekeza kila gereji isome saizi ya tairi, upana wa rimu na ET kabla ya kugusa spana, na kuviandika kwenye kadi ya kazi. Springi zisiuzwe kama dawa ya tairi linalogusa bomba la shokapu. Wauza rimu wawaonyeshe wateja ET, si matundu peke yake. Spesa isifungwe bila kuhesabu mizunguko ya nati, na ikipungua 8, ikataliwe hata mteja akisisitiza. Vyuo vya ufundi viingize zoezi la kubadilishana magurudumu katika masomo ya vitendo. Na tena, kwa kuwa ndilo linalosahaulika zaidi: ET isomwe kwanza.

Washiriki wanaombwa kulijaribu zoezi la chaki kwenye gari la kwanza litakaloingia na mlio huo, kabla ya kumwandikia mteja bei ya springi.