Siku 7 zatosha, kwa nini mgonjwa alale 14?

Wiki hii nazungumzia ugonjwa ambao wengi wetu huutaja kwa kunong'ona: fistula. Na ndani ya ugonjwa huo nimechagua swali moja tu, ambalo ukilisikia mara ya kwanza utadhani halistahili kuletwa redioni. Swali lenyewe ni hili: mwanamke akishashonwa tundu la kibofu, alale na mpira wa mkojo kwa siku 7 au kwa siku 14?

Nawaomba mlipime swali hilo kwa mizani ya yule aliyelala kitandani.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mama anaposhikwa na uchungu, na mtoto akashindwa kupita kwa sababu nyonga ni nyembamba au mtoto amekaa vibaya, kichwa cha mtoto hukibana kibofu kwenye mfupa. Ikipita siku nzima, ikaingia ya pili bila msaada, damu haifiki mahali palipobanwa. Nyama isiyopata damu hufa. Mara nyingi mtoto huzaliwa amekwisha kufa, na baada ya siku chache ile nyama iliyokufa huachia na kubaki tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi. Tangu hapo mkojo hutoka wenyewe, mchana na usiku, mama akiwa amekaa, amesimama au amelala. Amekwisha kumpoteza mtoto. Sasa anaanza kupoteza mume, majirani, nafasi yake katika basi, na nafasi yake kanisani au msikitini. Na badala ya kuambiwa kwamba ameumia katika uzazi, wengine huambiwa wamerogwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake zaidi ya milioni 2 wanaishi na fistula isiyotibiwa katika Asia na Afrika kusini ya Sahara, na kwamba kila mwaka wanawake kati ya 50,000 na 100,000 duniani hupata ugonjwa huu. Hao si wa nchi za mbali. Wamo Tanzania, wamo Kenya, Uganda na Kongo.

Tundu likishakomaa, tiba yake ni kushonwa. Daktari aliyeifundwa kazi hiyo hulitafuta, hutenganisha kuta za kibofu na za njia ya uzazi, kisha hushona. Baada ya hapo hupitisha mpira hadi ndani ya kibofu ili mkojo utoke bila kujikusanya. Sababu ni rahisi kueleweka. Kibofu kikijaa hutanuka, na kikitanuka huvuta nyuzi. Kwa hiyo kibofu kipumzishwe mpaka jeraha lishike.

Lakini kipumzishwe kwa muda gani? Hapo ndipo kila mwalimu alipokuwa na kauli yake. Wiki mbili zilikuwa desturi ya wengi, na walikuwapo waliozidisha. Ukiuliza kwa nini wiki mbili, jibu lilikuwa lile tunalolijua sote: ndivyo tulivyofundishwa.

Mwaka 2012 watafiti waliamua kuliweka jambo hili katika mizani. Walikwenda katika hospitali 8, kila moja katika nchi yake, na nchi zote ni za Afrika: Kenya, Uganda, Kongo, Ethiopia, Nigeria, Niger, Guinea na Sierra Leone. Waliwachukua wanawake 524 wenye fistula ya kawaida, yaani ile isiyo na matatizo makubwa, ambao walikuwa wameshonwa na kupimwa siku ya 7 ikaonekana tundu bado limefunga. Kila mmoja aliridhia kwanza. Kisha wakagawanywa kwa bahati nasibu, ili daktari asichague nani aende wapi. Nusu yao walitolewa mpira siku hiyo hiyo ya 7. Nusu nyingine waliendelea nao mpaka siku ya 14. Wote waliangaliwa tena baada ya miezi mitatu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la madaktari la The Lancet. Kati ya wanawake 250 waliotolewa mpira mapema na kufuatiliwa hadi mwisho, mshono ulifumuka kwa 10. Kati ya 251 waliokaa nao wiki mbili, ulifumuka kwa 8. Kwa lugha ya asilimia, ni 4 kwa 3. Watafiti walihesabu wakaona kwamba tofauti hiyo haitoshi kusema siku 7 ni hatari kuliko 14. Waliangalia pia homa, mpira kuziba, na mkojo kuendelea kuvuja. Napo hawakuona tofauti ya maana. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo: kwa fistula ya kawaida, mpira ukae siku 7 hadi 10.

Sasa tufanye hesabu ya sokoni. Tukiacha siku za maandalizi, kitanda ambacho kila mgonjwa hukilalia siku 14 kitahudumia wanawake wawili katika wiki nne. Akikilalia siku 7, kitahudumia wanne. Hakijaongezwa kitanda hata kimoja, wala haikujengwa wodi. Na kwa mgonjwa mwenyewe ni wiki nzima ya kulima, ya kuwaona watoto aliowaacha kwa bibi yao, na ya kumpunguzia ndugu aliyekuja kumwuguza gharama ya kula mjini. Nani atathubutu kuliita jambo hilo dogo?

Lakini nisieleweke vibaya. Utafiti huu haukusema kila mgonjwa atolewe mpira siku ya 7. Ulihusu fistula ya kawaida tu, na wale ambao tundu lao lilikaguliwa kwanza. Yule mwenye tundu kubwa, au mwenye makovu mengi, au aliyeshonwa mara kadhaa bila mafanikio, kesi yake ni nyingine, na daktari wake ndiye wa kuamua. Wala kushonwa si mwisho wa safari kwa kila mtu. Wapo ambao tundu hufunga lakini mkojo huendelea kuponyoka, kwa sababu misuli ya kuuzuia iliharibika. Hao nao wana haki ya kufuatiliwa.

Swali linalonikera mimi ni jingine. Upasuaji wa fistula ni wa zamani. Hospitali ya fistula ya Addis Ababa, iliyojengwa na madaktari Reginald na Catherine Hamlin, ilifunguliwa mwaka 1974. Iweje swali la siku ngapi lingoje mpaka 2012 kupimwa namna hii? Nadhani jibu ni kwamba hakuna mfanyabiashara anayetajirika mgonjwa akitolewa mpira mapema. Dawa mpya ina mwenyewe wa kuigharimia utafiti. Siku 7 pungufu hazina mwenyewe, ila mwanamke maskini anayesubiri kitanda.

Tena historia ya ugonjwa huu ina deni. Katika miaka ya 1840, huko Alabama, Marekani, daktari J. Marion Sims alijifunza kushona fistula kwa kuwapasua wanawake watumwa. Majina ya watatu tunayajua: Anarcha, Betsey na Lucy. Walipasuliwa tena na tena bila dawa ya usingizi, na Anarcha peke yake alipasuliwa mara 30 hivi. Ridhaa ya mtumwa haikuhesabiwa kitu. Sims akajengewa sanamu katika jiji la New York, ambalo liliondolewa katika bustani ya Central Park mwaka 2018. Ninapolinganisha na wale wanawake 524 walioelezwa na kuulizwa kabla ya kuguswa, naona umbali tuliotembea. Lakini kama baada ya wao kujitolea hospitali zitaendelea na desturi ya zamani, basi tutakuwa tumepokea zawadi yao tukaitupa.

Na hata hivyo, ndugu wasikilizaji, fistula bora ni ile isiyotokea. Uchungu pingamizi una dawa yake, nayo ni upasuaji wa kumtoa mtoto kwa wakati. Hapa Tanzania tunao mfano wetu wenyewe wa nini kinawezekana. Katika hospitali ya mkoa wa Kigoma, daktari Godfrey Mbaruku na wenzake walikaa chini wakachunguza kwa nini akina mama wanakufa, wakarekebisha waliyoyaweza kwa vifaa na watu waliokuwapo. Kati ya mwaka 1984 na 1991 vifo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Njia ile ile inayomwokoa mama asife ndiyo inayomwokoa asivuje.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa waganga wakuu: ulizeni wodini kwenu, mpira wa mkojo unakaa siku ngapi, na kwa sababu gani. Kama sababu ni mazoea, ibadilisheni. Kwa wanaopanga fedha: kumbukeni nauli. Mwaka 2009 hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilianza kuwatumia wagonjwa wa fistula nauli kwa M-Pesa, kwa kuwa upasuaji wa bure haumfai asiyeweza kupanda basi. Na kwa sisi wanaume, kaka na baba: ukimwona dada yako anajitenga na anafua nguo kila saa, usimtafutie mganga wa ramli. Mwulize kwa upole alijifungua vipi, kisha umpeleke hospitali.

Mficha uchi hazai, walisema wazee. Na mficha fistula haponi.