Kifaa kijue Kiswahili cha bibi

Mzee hadhoofiki kwa siku moja. Mwaka 2001, Daktari Linda Fried na wenzake walitaja dalili tano: kupungua uzito bila kukusudia, uchovu, mikono kukosa nguvu, mwendo wa polepole na kutojishughulisha. Zikionekana tatu, mzee huyo tayari amedhoofu.

Mjini Houston, Marekani, watafiti wa Chuo cha Tiba cha Baylor wamepima udhaifu huo kwa kihisi kinachovaliwa kwenye kifundo cha mkono. Mgonjwa, hata akiwa kitandani, hukunja na kukunjua kiwiko kwa sekunde 20. Ni hatua njema. Lakini bibi aliyetoka Kivu, anayeishi Houston au Fort Worth, atanufaikaje na kifaa kinachomsemesha Kiingereza?

Sheria ya Marekani inazitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kumpatia mgonjwa mkalimani bila malipo. Vijana, idaini haki hiyo, hata kwa matibabu ya video. Kisha ketini na bibi, mwonyesheni jinsi ya kutumia simu, mhesabieni mara anazoinuka kitini na kuketi, mtu wa kumshika akiwa karibu. Kwa mazoezi, misuli hupata nguvu hata kwa mwenye miaka 90.