Waya za Meno na Jinsi ya Kuzizoea

(Hii ni hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi, walimu na vijana mjini Kisumu.)



Nimeombwa niseme habari ya waya za meno, nami nimekubali kwa furaha, maana jambo hili linasemwa sana siku hizi, na mengi yasemwayo si kweli. Wako wanaosema kwamba ni pambo tu la watoto wa matajiri. Wengine hudhani kwamba waya huyalegeza meno mpaka yakang'oka. Tena wako wasioamini kabisa, kwa kuwa, wasema wao, jino limepandwa katika mfupa, na mfupa haupishi.

Ajabu ni kwamba watu wa kando ya Ziwa Viktoria wana sababu ya kuyajua mambo haya kuliko wengi. Waluo wa zamani waling'oa meno sita ya mbele ya taya la chini. Desturi hiyo iliitwa nak, nayo ilififia katika karne ya 20. Sina nia ya kuihukumu hapa. Lakini daktari wa meno atawaambia kwamba meno husimama kwa kutegemeana, kama watu waliobanana katika basi. Pengo likitokea, jirani zake huanza kuliegemea, na jino la juu lisilokuta mwenzake wa chini huelekea kushuka. Basi meno husogea hata pasipo daktari. Daktari huja tu kuyaongoza mwendo ule ule yaende anapotaka yeye.

Yafaa sasa nieleze jinsi yanavyosogea. Jino halikugandamana na mfupa kama msumari katika ubao. Baina ya mzizi wake na mfupa pana utando mwembamba wa nyuzi, ambao unene wake ni kama sehemu ya tano ya milimita moja, nao una damu na uhai. Daktari hugandisha kipande kidogo juu ya uso wa kila jino, kisha hupitisha waya mmoja katika vipande vyote. Waya huo umetengenezwa kwa umbo zuri la safu ya meno. Ukipindwa ili uyafikie meno yaliyokaa upande, hutamani kurudi katika umbo lake, na katika kurudi huyavuta meno pamoja nao.

Upande ule jino linakosukumwa, utando hubanwa, na chembe hai za mwili huja kuula mfupa kidogo kidogo ili kulipisha. Upande wa nyuma, nyuzi hunyooshwa, na chembe za namna nyingine hujenga mfupa mpya kujaza nafasi iliyoachwa. Kwa hiyo jino haliupasui mfupa. Mfupa wenyewe unabomolewa mbele na kujengwa nyuma, kama mtu anayehamisha boma lake hatua moja moja pasipo kulala nje hata usiku mmoja. Mwendo wake ni kama milimita moja kwa mwezi. Wala msidhani kwamba kuvuta kwa nguvu nyingi kutaongeza mwendo. Nguvu ikizidi, mishipa midogo ya damu hubanwa kabisa, chembe zile hukosa njia, na jino husimama. Ndiyo sababu kazi hii huchukua kwa kawaida mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili, naye daktari humwita mgonjwa kila baada ya majuma 4 hadi 8 tu.

Kazi yenyewe si ya jana. Mfaransa Pierre Fauchard aliandika habari za kunyoosha meno kwa ukanda wa chuma katika kitabu chake cha mwaka 1728. Zamani kila jino lilivishwa pete nzima ya chuma; njia ya kugandisha juu ya uso wa jino ilifunguliwa na utafiti wa Buonocore huko Marekani mwaka 1955.

Sasa nasema nawe kijana uliyevishwa waya juzi. Siku ya kwanza hutasikia sana. Maumivu huanza baada ya saa chache, huzidi siku ya pili, na kwa wengi hupungua kabla ya juma kwisha. Meno yatakuwa kama si yako, na hata ugali utaonekana mgumu. Kunywa uji, kula mchuzi, ndizi zilizopikwa, na mbuta aliyeondolewa miiba. Dawa ya kutuliza maumivu, kama parasetamoli, yafaa ikitumiwa kwa kipimo. Midomo na mashavu yatakwaruzwa mpaka yawe sugu. Sukutua kwa maji ya chumvi, na mahali panapochoma bandika nta uliyopewa na daktari. Meno yakitikisika kidogo, usiogope, maana lisilolegea haliwezi kwenda. Lakini ncha ya waya ikikuchoma, au kipande kikibanduka, usikivute wala usikikate kwa koleo la fundi wa baiskeli. Rudi kwa daktari.

Jambo gumu kwa watu wetu ni muwa. Ninyi mnaotoka Muhoroni na Chemelil mnajua ninachosema. Kumenya muwa kwa meno yenye waya ni kuing'oa kazi ya miezi mitatu kwa dakika moja. Hali kadhalika mahindi ya kuchoma na mifupa. Mahindi yapukuchue kwanza, nayo nyoyo ipikwe mpaka ilainike. Tena chakula hujificha chini ya waya, kwa hiyo hapana budi kupiga mswaki kila baada ya kula, kwa dawa yenye floraidi. Asiyefanya hivyo, siku ya kuvuliwa waya atakuta meno yaliyonyooka yenye madoa meupe yasiyotoka.

Wazazi wengi huniuliza kwa nini meno ya watoto hupinda. Mengine ni urithi: taya dogo na meno makubwa. Mengine ni kunyonya kidole miaka mingi, au kung'olewa meno ya utoto mapema mno. Lakini liko moja ambalo silinyamazii. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, hupelekwa kwa mtu anayechokora ufizi wake na kutoa yale yaitwayo meno ya plastiki. Hayo si ugonjwa. Ni meno yake mwenyewe yasiyoota bado. Mtoto huweza kufa kwa kutoka damu au kwa uchafu wa kisu, na anayepona huweza kukosa chonge, au likaota limepotoka. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari ya hospitali, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.

Gharama ya waya si ndogo, na mabingwa wa kazi hii ni wachache, ingawa Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1974. Kwa hiyo wako wanaouza waya za bei rahisi kwa ajili ya urembo, zisizowekwa na daktari. Huko Thailand serikali ililazimika kuzipiga marufuku. Waya usiopimwa nao huvuta vile vile, ila haujui unavuta kwenda wapi. Mtu na aulize kwanza kama mwenye kumtibu ana leseni ya Baraza la Madaktari.

Na waya zikivuliwa, kazi haijaisha. Mfupa mpya bado laini, na nyuzi zile zakumbuka mahali pa zamani. Utapewa kifaa cha kuyashikilia meno, ukivae kama utakavyoagizwa, mwishoni usiku tu, kwa miaka. Kioshe kwa maji baridi, wala usikiache dirishani, kwa maana jua la Kisumu hukipinda, na kilichopindika hakiingii tena.